Neno la Mawe Meupe

Mtu akiumwa na mdudu ghafla, jambo la kwanza analofanya ni kuangaza huku na huku. Humtafuta nzi aliyepita, nyuki aliyeruka, hata jirani anayefuga mbwa wenye viroboto. Ni wachache sana wanaoanza kwa kukung'uta shati walilolivaa wenyewe. Wahenga waliliona jambo hilo zamani, wakatuachia methali ya kutuonya kwamba anayetudhuru mara nyingi hakai mbali nasi. Hadithi hii ni ya nyapara mmoja wa reli aliyekuwa na macho ya kuona ng'ambo ya bahari, lakini hakuona kilichokuwa chini ya buti zake.

Nyapara huyo aliongoza genge la watu wa njia katika stesheni ndogo iliyokuwa baina ya miji miwili mikubwa. Kazi yao ilikuwa kukaza nati, kubadilisha mataruma yaliyooza, yaani magogo yanayolalia reli, kushindilia kokoto chini ya reli na kung'oa majani. Aliianza kazi hiyo ndevu hazijamwota, na sasa zilikuwa zimekuwa nyeupe kama pamba. Akigonga chuma kwa nyundo, aliisikiliza sauti yake kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, kisha akakuambia kama kina ufa au hakina. Hata hivyo, jina lake la utani halikutokana na reli. Watu walimwita Mataifa, na jina hilo alilipata kwa mdomo wake.

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mataifa alifungua redio kusikiliza habari za dunia. Mkewe alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu anajua rais gani amepiga chafya wapi, lakini hajui kwamba bati la jikoni linavuja." Mataifa alicheka, akaongeza sauti ya redio.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo aliolewa na dereva wa treni, kijana mpole asiye na maneno mengi. Kijana huyo alisomea kazi yake katika nchi ya mbali, ile ambayo enzi hizo ilikuwa rafiki mkubwa wa serikali na ndiyo iliyoleta injini zote za reli hiyo. Alirudi na cheti, koti zito lisilovalika katika joto, na urafiki wa mwalimu mmoja wa huko ambaye hakuacha kumtumia kadi kila mwaka mpya. Mataifa alimpenda mkwe wake kama mboni ya jicho.

Baraza la siasa lilikuwa katika kibanda cha kinyozi, nyuma ya stesheni. Jumamosi moja Mataifa aliketi pale, kitambaa shingoni, povu mashavuni.

"Dunia inageuka, ndugu yangu," alisema.

"Igeuke, lakini kichwa chako kisigeuke. Nitakukata sikio," kinyozi alimjibu.

"Zamani zizini mlikuwa na fahali wawili tu. Ukijua huyu kalala wapi na yule kalala wapi, unajua pa kutandika mkeka wako. Leo kila ndama ameota pembe. Marafiki zetu wa zamani wamefilisika, wamebaki na majigambo. Marafiki wapya wanakuja na mifuko imevimba. Na wote wanaitaka reli hii, hii inayopita nyuma ya choo chako."

"Nyuma ya choo changu?"

"Usicheke. Anayeshika reli anashika bandari, na anayeshika bandari anashika bahari."

"Na anayeshika wembe anashika koo lako. Tulia."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu waliangua kicheko. Kinyozi aliupangusa wembe, akamtazama Mataifa kwenye kioo. Walikuwa marafiki tangu ujana, na hapakuwa na siku waliyokubaliana.

"Nikuambie ukweli, Mataifa? Hao wakubwa hawajui hata kama sisi tupo. Wewe unawajua wao mpaka wajomba zao. Je, wao jina lako wanalijua?"

"Wataniona kwa kazi yangu," alisema Mataifa, na povu likamwingia mdomoni.

Hakusema hivyo bure. Ilikuwa imetangazwa kwamba ujumbe wa marafiki wapya utapita kwa treni maalumu kuikagua njia kabla ya kutia saini mkataba mkubwa. Mkuu wa stesheni alikuwa amewaagiza wote wajipambe. Mshika bendera alipewa sare mpya, dirisha la mkata tiketi lilipakwa rangi, hata paka wa stesheni alifukuzwa kwa muda. Mataifa naye alikuwa amebuni jambo ambalo, kwa fikra zake, lingewafanya wageni wasahau yote mengine. Kwenye mteremko wa kona, mahali treni hupunguza mwendo na abiria wote huchungulia nje, angeandika kwa mawe meupe, herufi ndefu kuliko mtu, neno KARIBUNI.

Mawe yangetoka kwenye behewa la kokoto mpya lililoahidiwa kutoka machimboni. Behewa halikuja. Mkuu wa stesheni aliulizia, akaambiwa liko njiani. Akaulizia tena, akaambiwa halijapakiwa. Mataifa alisimama kwenye kona na genge lake, akautazama mteremko mtupu, kisha akayatazama mawe yaliyolundikwa pembeni mwa reli, nje ya ncha za mataruma. Yalikuwa mazuri, yamelingana kama viazi vilivyochaguliwa.

"Tutoe haya," alisema.

Mtu wa mkono wake wa kulia, aliyeitwa Nyundo, alisita. "Nyapara, si wewe uliyetufundisha kwamba mawe ya pembeni ndiyo mkanda wa suruali?"

"Mkanda ukilegea siku moja, suruali haianguki. Huoni mawingu? Jua lenyewe limejificha wiki nzima. Wageni wakishapita tunayarudisha."

Wakabeba kwa makarai mchana kutwa. Walipofika herufi ya sita, Nyundo alishika kiuno, akahema.

"Ungeandika KARIBU tu, tungekuwa tumemaliza. Hiyo NI ya mwisho itatuvunja migongo."

"Wageni ni wengi, Nyundo. Ukimkaribisha mmoja, wengine wakae nje?"

Walicheka, wakaendelea. Wakayapaka mawe chokaa, na neno likang'aa mlimani kama meno ya mtoto. Watu walikuja kulitazama. Mkuu wa stesheni alimshika Mataifa mkono kwa mikono miwili. Mkwe wake, kila alipopita na treni, alipiga honi kulisalimu neno la baba mkwe wake, na Mataifa alijikuta akivuta kosi la shati kama bwana harusi.

Lakini wageni hawakuja. Redio ilisema madola makubwa yamekorofishana mkutanoni, na ujumbe umegeuza safari kupitia kwanza nchi nyingine. Mtu mwingine angeudhika. Mataifa alifurahi, kwa sababu alipata la kueleza. Alilifafanulia genge zima nani amemwudhi nani, nani atanuna na nani atabembeleza. Siku zikapita. Makao makuu ya reli walipopiga simu kuuliza hali ya njia, alijibu kwamba mawe ya kona ni kamili. Hakuona kwamba anadanganya. Kwake huo ulikuwa ukweli uliotangulia kidogo wakati wake. Na Nyundo kila alipouliza kama sasa wayarudishe mawe, alimjibu, "Na wageni wakizuka ghafla, tutaandika kwa mate?"

Ndipo mawingu yalipoondoka. Jua lilitoka kwa hasira, kana kwamba linadai siku zote lililokuwa limefichwa. Mabati ya stesheni yalialika kwa joto. Kuku walikaa chini ya mabenchi midomo wazi. Adhuhuri hiyo genge lilikuwa limejikunyata kwenye kivuli cha ghala la vifaa, na Mataifa alikuwa anaeleza jinsi pesa ya taifa moja inavyoweza kuiangusha serikali ya nchi nyingine bila risasi hata moja, waliposikia honi ya treni ya abiria kutoka upande wa kona.

Haikuwa honi ya salamu. Ilikuwa ndefu, imeshikiliwa, kama mtu anayepiga yowe bila kuvuta pumzi. Kisha ikakatika. Kisha ukaja mshindo uliofanana na sahani za dunia nzima kuangushwa kwa pamoja kwenye sakafu ya saruji. Ardhi ilitetema. Vumbi jekundu likapanda juu ya miti.

Walikimbia. Mataifa, pamoja na umri wake, alikimbia mbele ya wote.

Alichokiona kwenye kona kilimfanya asimame kama gogo. Injini ilikuwa imeegemea ukingo wa tuta kama mlevi aliyeegemea ukuta. Nyuma yake mabehewa yalikuwa yametawanyika, moja limesimama kwa kichwa, moja limelala ubavu, na moja limerushwa hadi mteremkoni na kulala juu ya neno lake, likazifunika herufi za katikati. Reli zilikuwa zimejisokota. Watu walitoka madirishani, wengine wakitambaa, mwanamke mmoja akiita jina lile lile bila kukoma. Viatu vilikuwa kila mahali. Mataifa hakuelewa kwa nini viatu ni vingi hivyo.

Alisaidia kuvuta watu. Mkwe wake alitolewa ndani ya injini akiwa na fahamu, mguu umevunjika. Alimshika Mataifa mkono, akasema, "Baba, niliiona. Niliiona reli imelala upande mbele yangu. Nilifunga breki. Baba, nilifunga."

"Nyamaza, mwanangu, nyamaza," Mataifa alimwambia.

Kisha Nyundo alimwita kwa sauti ya chini. Kwenye nyasi, kando ya behewa la mwisho, alilazwa mtu mmoja kifudifudi. Walimgeuza. Alikuwa kinyozi. Asubuhi ile alikuwa amekwenda mji wa pili kunolesha mikasi, na sasa alikuwa anarudi. Macho yake yalikuwa wazi, kama mtu aliyeuliza swali na bado anasubiri ajibiwe.

Alikuwa maiti wa pekee siku hiyo, ingawa majeruhi walijaza hospitali. Kwa Mataifa ilikuwa kana kwamba mji wote umekufa. Aliketi chini karibu na rafiki yake, mikono imelegea, hadi mwandishi wa redio alipomwinamia na kipaza sauti.

"Mzee, wewe ndiye mtaalamu wa njia hii. Nini kimetokea?"

Mataifa alimtazama kinyozi aliyefunikwa kanga ya mtu. Alihitaji kitu kikubwa cha kubebea huzuni yake. Ajali ya kawaida ilikuwa ndogo mno. Na kitu kikubwa alichokijua maishani mwake kilikuwa kimoja.

"Hii si ajali," alisema, na sauti yake ikapata nguvu. "Hii ni hujuma. Marafiki wapya wanakuja, marafiki wa zamani wamenuna. Wanataka kuonyesha kwamba reli yetu haifai. Lakini dola la nje haliwezi kuja huku kwenye kona yetu bila msaada. Kuna mtu wa ndani aliyenunuliwa. Mtafuteni huyo."

Maneno hayo yalirushwa hewani jioni, yakarudiwa asubuhi. Watu waliyapokea kama maji kiangazini. Sokoni na kwenye foleni ya maji kila mtu akawa mtaalamu wa madola. Mkewe Mataifa peke yake ndiye aliyeizima redio bila kusema neno.

Kesho yake mchana binti yake aliingia nyumbani, kichwa wazi, kandambili moja imekatika.

"Shikamoo, baba." Hakungoja aitikiwe. "Wamemfunga pingu kitandani. Mguu una plasta, mkono una pingu. Wamechukua na kadi za mwalimu wake."

Mataifa aliruka kitini. "Nani? Nani amethubutu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Redio imesema maneno yako tangu asubuhi. Mtu wa ndani aliyenunuliwa. Ofisa wa upelelezi kaja hospitali, kauliza, kwenye treni ile ni nani aliyesomeshwa na marafiki wa zamani? Nani anayepata barua zao mpaka leo? Baba, kuna mwingine?"

"Mwanangu, sikumaanisha yeye!"

"Ulimaanisha nani?"

Mataifa alifungua mdomo. Mdomo ule uliozoea kuigawa dunia mafungu mafungu haukupata hata jina moja la mtu.

"Leo jioni wanampeleka makao makuu ya upelelezi," binti alisema. Hakuwa analia, macho yake yalikuwa makavu kama jiwe la kunolea. "Huko akiingia, hatoki. Mtu amekufa, baba. Wanasema ni kosa la kunyongwa."

Mataifa alichukua kofia yake, akatoka. Akilini mwake alikuwa na jambo moja tu, kumwokoa mkwe wake kwa kitu alichokijua kuliko mtu yeyote, yaani reli. Kwenye kona alimkuta mhandisi aliyetumwa kukagua ajali, mama wa makamo mwenye kofia ya njano ya plastiki na buti zilizochakaa kuliko zake. Alikuwa na ofisa wa upelelezi. Genge lilikuwa limesimama kando, likisubiri winchi ya kuyainua mabehewa. Nyuma ya kamba iliyozuia watu alisimama binti yake, aliyemfuata mbio.

"Mama mhandisi," Mataifa alisema, "dereva yule hana hatia. Nipe nafasi nikuonyeshe. Treni haitoki relini bila sababu, na sababu zake zinajulikana."

"Nionyeshe," alijibu mhandisi. Hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Wakatembea kando ya mabaki. Mataifa alipiga goti kwenye gurudumu la mbele, akapitisha kiganja kwenye ukingo wake. Gurudumu lililolika, alieleza, huwa na ukingo mwembamba kama wembe, nao huparamia juu ya reli. Huu ulikuwa mnene na mzima. Akaonyesha mahali reli ilipokatika. Ufa wa zamani huwa na kutu ndani yake, lakini chuma hiki kiling'aa, maana yake kilivunjika ajali ikiwa tayari imeanza. Nati alizikaza mwenyewe, na zile zilizobaki hazikutikisika. Njia panda za reli ziko stesheni, mbali na kona. Mzigo haukuwa umeelemea upande mmoja, kwa kuwa hii ilikuwa treni ya watu. Alizungumza kwa ufasaha, na kadiri alivyosema ndivyo mgongo wake ulivyonyooka.

"Na mwendo?" aliuliza ofisa.

"Kifaa cha ndani ya injini kinaonyesha alikuwa chini ya kiwango," mhandisi alijibu badala yake. "Alikuwa ameshafunga breki. Anasema aliiona reli imelala upande."

Ofisa alitabasamu. "Reli hailali yenyewe. Kuna mtu aliyeilaza."

"Hulala!" Mataifa alimrukia. "Hulala, mwanangu, tena mchana kweupe. Chuma kikipata joto hutanuka. Reli hii imechomelewa ndefu, haina nafasi ya kunyooshea miguu. Jua likiwaka, inatafuta pa kwenda. Isipozuiwa, inachomoka upande ghafla, kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Na kinachoizuia ni mawe tu. Mawe ya katikati, na zaidi ya yote yale ya pembeni..."

Ulimi wake ukasimama.

Polepole, kama mtu anayelazimishwa kugeuzwa shingo, alitazama mteremkoni. Pale juu, pande zote mbili za behewa lililoanguka, herufi zake zilimtazama kwa weupe wake.

"Endelea, mzee," alisema mhandisi. "Hata mimi niliwaza jua. Lakini reli iliyofungwa mawe kamili haijipindi kwa joto la kiasi hiki. Hapa mabehewa yamelima kila kitu, siwezi kujua mawe yalikuwaje. Ninachojua ni kwamba wewe uliiambia ofisi kwa simu kuwa mawe ni kamili. Sivyo?"

Mataifa alirudisha macho kwenye herufi.

"Basi kama si jua, ni mtu," ofisa alisema, akatazama barabara. "Gari liko tayari hospitali."

Nyundo alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hakuna hata mmoja wa genge aliyeinua uso. Mataifa alielewa kwamba wote walikuwa wanajua, na kwamba walikuwa wamemwachia yeye aseme. Winchi ingefika, ingeburuta mabehewa juu ya mteremko, mawe yangetawanyika, na neno lingekuwa kokoto tu kati ya kokoto. Alifikiri juu ya kinyozi kwenye nyasi. Alifikiri juu ya jina lake, lililotangazwa redioni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akamwona binti yake nyuma ya kamba, amesimama kwa mguu mmoja wenye kandambili na mwingine mtupu juu ya mchanga unaochoma, wala hauinui.

"Mawe hayakuwa kamili," alisema.

"Unasemaje?"

"Hayakuwepo kabisa. Mawe ya pembeni ya kona yote. Niliyatoa mimi. Nilisema uongo kwenye simu, na nilisema uongo kwenye redio, ingawa huo wa redio niliuamini."

Ofisa alimtazama kwa huruma, akamwekea mkono begani. "Mzee wangu, yule ni mkweo. Ningekuwa wewe, hata mimi ningetafuta la kusema. Lakini jana umeuambia umma mzima kwamba ni dola la nje, umetueleza mpaka sababu zake. Leo ni wewe. Tukuamini lini?"

Katika maisha yake yote Mataifa hakuwahi kusadikiwa kama aliposema upuuzi, na sasa alipokuwa na ukweli mkononi, ulikuwa haununuliki. Alitazama huku na huku kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Kisha akaparamia mteremko kwa mikono na miguu, akang'oa jiwe kwenye herufi ya mwisho, akateremka nalo akihema.

"Nipe spana," alimwambia Nyundo.

Akaparuza chokaa. Chini ya weupe ule jiwe lilikuwa jeusi, limeloa mafuta ya zamani, lina madoa ya kutu kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga.

"Jiwe la machimboni ni la kijivu, safi," alisema. "Hili limekaa kando ya reli miaka na miaka, likidondokewa na mafuta ya injini na vumbi la breki. Chagua jingine, mama. Chagua popote unapopenda."

Mhandisi alipanda mwenyewe. Aliokota moja kwenye herufi ya kwanza, akaliparuza. Jeusi. Akaokota jingine mbali na hilo. Jeusi. Alisimama akiwa na jiwe kila mkono, akilitazama neno refu mteremkoni, kisha tuta la reli chini yake, kama mtu anayepima kitambaa na mwili.

"Neno zima?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Neno zima."

"Tulibeba sote, mama," alisema Nyundo. "Kwa makarai. Si yeye peke yake."

Mhandisi alikaa chini palepale, kofia yake ikamteleza. "Nimekagua ajali nyingi," alisema. "Nimeona wezi wa mataruma. Nimeona madereva waliolala, magurudumu yaliyopasuka, madaraja yaliyooza. Lakini watu walioivua reli nguo kwa mikono yao wenyewe ili kumpendeza mgeni, Mungu wangu, sijawahi kuona."

Ofisa wa upelelezi alikuwa amefungua mdomo akasahau kuufunga. Kisha akatoa simu, akaamuru dereva afunguliwe pingu na gari lililokuwa hospitali lije kwenye kona.

Wakati wakilisubiri, redio ya mtu mmoja kwenye umati ilikuwa inasoma habari. Ujumbe wa marafiki wapya ulikuwa umetia saini mkataba katika nchi nyingine, ukarejea kwao kwa ndege. Stesheni haikutajwa. Kwa kawaida Mataifa angekuwa na la kusema kuhusu jambo hilo hadi jua lizame. Sasa aliyasikiliza majina yale makubwa yakipita juu ya kichwa chake kama ndege wa msimu, akaona ajabu kwamba aliwahi kudhani wanamtafuta yeye.

Gari lilifika. Mataifa alivua kofia yake ya unyapara, akampa Nyundo, akapanda nyuma bila kushikwa. Binti yake alipita chini ya kamba, akaja hadi kwenye mlango wa gari. Mataifa alitaka amtukane, kwa kuwa tusi angalau lingekuwa na mwisho.

"Vidonge vyako vya presha umekunywa leo?" binti aliuliza.

Mataifa alitikisa kichwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yakapita kwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, naye hakuyapangusa.

"Mama atakuletea," binti alisema, akageuka kuelekea hospitali alikokuwa mumewe.

Gari liliondoka taratibu. Mwandishi wa redio, aliyekuja mbio aliposikia kuna jipya, alikimbia kando ya dirisha akinyoosha kipaza sauti. "Mzee! Mzee! Ulisema ni maadui kutoka nje. Sasa utuambie, ni nani hasa aliyeiangusha treni?"

Mataifa aliinama hadi mdomo wake ukakaribia dirisha, akajibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma ya kamba waliisikia: "Hakuna aliyevuka mpaka, kijana wangu. Watangazie wote kama ninavyokuambia, usipunguze neno: kikulacho ki nguoni mwako."